Mbwa Aogeshwe, Lakini Achanjwe Kwanza

Mbwa ni mlinzi wa nyumba na wa shamba. Katika vijiji vyetu vya Masasi na Newala ndiye anayewafukuza nguruwe na ngedere wasiimalize mihogo, ndiye anayefuatana na wawindaji porini, na usiku ndiye anayetuamsha mtu asiyejulikana akikaribia ua. Lakini mlinzi huyu mara nyingi hukumbukwa wakati wa kazi tu. Chakula chake ni makombo, na kuoga kwake ni mvua.

Katika miji kama Dar es Salaam na Nairobi wapo watu wanaojipatia riziki kwa kuogesha mbwa wa wengine. Huwaosha, huwachana manyoya, huwakata kucha na kuwatoa kupe, kisha hulipwa. Huku kwetu kazi hiyo kwa kawaida hupewa watoto: huitwa siku ya Jumamosi, hupewa kipande cha sabuni na ndoo, wakaambiwa wamshike mbwa. Awe kijana anayetaka kuifanya kazi hii kwa malipo, au mtoto aliyetumwa na baba yake, masharti ya afya ni yale yale. Tuyaangalie moja baada ya jingine.

KWA NINI AOGESHWE?

Mbwa mchafu hubeba wageni wengi. Kupe wake wanaweza kumwambukiza binadamu homa kali yenye vipele. Viroboto wake hubeba tegu wachanga, na mtoto mdogo anayecheza na mbwa akimmeza kiroboto kwa bahati mbaya, naye hupata tegu huyo. Upele wa mbwa huweza kumwasha anayemkumbatia. Kadhalika funza wanaotusumbua miguuni huishi pia katika nyayo za mbwa, kwa hiyo familia inayowatoa watoto wake funza na kumsahau mbwa itaendelea kuwatoa kila wiki.

Sabuni ya kawaida na maji, pamoja na kumchana vizuri, hupunguza sana viroboto na uchafu. Kupe atolewe kwa kibano, ashikwe karibu na ngozi na kuvutwa taratibu. Asipasuliwe kwa vidole. Hata hivyo tukumbuke kwamba kuoga hakutibu minyoo ya tumboni. Hiyo inahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa bwana mifugo.

SHARTI LA KWANZA NI CHANJO

Anayemwogesha mbwa huweka mikono yake karibu kabisa na meno na mate. Hapo ndipo penye hatari ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hukaa katika mate na huingia mwilini kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au kwa mate kugusa kidonda, macho au mdomo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mgonjwa, hatuna dawa ya kumponya. Anayesubiri dalili amechelewa.

Asije mtu akasema, "Mbwa huyu amekubali maji, basi hana kichaa." Kuogopa maji ni dalili ya binadamu mgonjwa. Mbwa mwenye kichaa anaweza kunywa maji, hata kuvuka mto. Dalili za mbwa ni kubadilika tabia: mpole anakuwa mkali, au mchangamfu anajitenga gizani, sauti yake inageuka, taya linalegea, mate yanamtiririka, anauma hata vijiti na mawe. Mbwa wa namna hiyo haogeshwi wala hashikwi. Watoto waondolewe, na bwana mifugo aitwe.

Chanjo ya mbwa inajulikana na inafanya kazi. Kuanzia mwaka 2010 mikoa ya kusini mashariki ya Tanzania, pamoja na Mtwara na Lindi, iliingizwa katika mradi mkubwa wa kuchanja mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Kisiwa cha Pemba nacho kilikuwamo. Huko ugonjwa ulitokomezwa mwaka 2014, lakini ukaingia tena mwaka 2016, ikabidi kuchanja upya. Fundisho lake ni wazi: mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa ugonjwa hukosa njia ya kupita, na tukilegea hurudi. Hata watoto wa mbwa wachanjwe, kwani ndio wanaobebwa zaidi na watoto wetu.

Kwa hiyo kijana anayeogesha mbwa wa watu aanze kwa kuuliza cheti cha chanjo kabla ya kuuliza malipo. Yeye mwenyewe pia, kwa kuwa anashika mbwa wengi, aulize hospitalini juu ya chanjo ya kujikinga, kwani watu wa kazi kama hii wanashauriwa kuchanjwa mapema.

SUMU YA SHAMBANI SI SABUNI

Nchi yetu ni ya mikorosho, na nyumba nyingi zina chupa ya dawa ya kuulia wadudu. Mtu akiona kupe wengi hushawishika kumpaka mbwa dawa hiyo, au dawa ya josho la ng'ombe bila kuipima. Hilo ni jambo la hatari. Sumu hizi hupita katika ngozi ya mbwa, na hupita pia katika mikono ya mtoto anayemsugua. Dalili zake ni mate na jasho jingi, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli kutetemeka na kupumua kwa shida. Dawa nyingine humfanya mtu asinzie na mapigo ya moyo yapungue.

Ikitokea hivyo, mvue mgonjwa nguo zenye dawa, muoshe mwili kwa sabuni na maji mengi, usimlazimishe kutapika, na umkimbize hospitali pamoja na chupa ya dawa ili tujue ni sumu gani. Dawa ya kupe ya mbwa inunuliwe kwa ushauri wa bwana mifugo, ipimwe kwa kipimo cha mbwa, na anayeipaka avae glavu. Aidha, baadhi ya dawa zilizo salama kwa mbwa humuua paka.

MAJI NA MAJIRANI

Juu ya uwanda wa Makonde maji ni mali. Mvua huzama mchangani, na kabla ya mradi wa miaka ya 1950 wa kusukuma maji kutoka bondeni, akina mama wa Newala walishuka na kupanda mteremko kwa ndoo moja. Basi tusiseme mbwa aoge kila siku. Mara moja kwa mwezi yatosha kwa mbwa mwenye afya. Ndoo moja nayo yatosha: mlowanishe kwa kitambaa, msugue sabuni, kisha msuuze kwa kopo.

Maji yaliyobaki yamwagwe, yasilale ndani ya pipa yakazaa mbu. Chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani hapa hapa kwetu, katika mlipuko wa 1952 na 1953, na jina lake ni la Kimakonde. Mbu wake hupenda maji yaliyohifadhiwa nyumbani. Ndoo na kopo la mbwa viwe vyake peke yake, na mahali pa kumwogeshea pawe mbali na kisima na njia ya majirani. Wengi wao ni Waislamu, ambao mate ya mbwa kwao ni najisi. Kuwaheshimu ni sehemu ya kazi.

AKIUMA AU AKIKWARUZA

Sabuni ile ile iliyokuwa ya mbwa sasa ni dawa yako ya kwanza. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Sabuni huviua virusi vya kichaa. Usipake majivu, mafuta wala unga wa pilipili, na usilifunge kwa kubana. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa ni wa nyumbani. Utapewa chanjo ya kichaa, na pengine ya pepopunda. Sindano ni zaidi ya moja; anayeacha katikati kwa sababu kidonda kimepona hajakingwa.

Basi wazazi, kabla ya kumkabidhi mtoto ndoo na sabuni, jiulizeni: mbwa huyu alichanjwa lini? Kama hakuna anayekumbuka, mpelekeni kwanza kwa bwana mifugo. Kuoga kutamngoja.