Usumba wa Pwani na Maji ya Singida

Watu wa Visiwani wanayajua makumbi kwa mikono yao. Katika pwani ya mashariki ya Unguja akina mama huyafukia katika mchanga unaofunikwa na bahari inapojaa, huyaacha humo kwa miezi, kisha huyafukua, huyaponda na kusokota usumba wake ukawa kamba. Unga unaopukutika wakati wa kuponda aghalabu huachwa pale pale. Unga huo, ambao kwetu ni takataka, kwa wengine ni bidhaa. India na Sri Lanka huukausha na kuushindilia ukawa tofali, na tofali moja la kilo 5 likirowekwa hufura likatoa lita 60 na zaidi za kitu laini kinachoshika maji na kupitisha hewa. Humo hupandwa nyanya, matango na pilipili hoho pasipo udongo. Wako pia wapandao bangi, kama huko Canada iliyoihalalisha mwaka 2018. Kwetu sheria inaikataza, Bara ikiwa ni ile ya mwaka 2015, nasi hatuna haja ya kuendelea na habari hiyo. Nyanya ina soko la halali, na matatizo yake ya maji ni yale yale.

Ni rahisi kuona kwa nini kilimo hiki kitamvutia mtu wa Singida. Mkoa ule una msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi iliyosalia ni ukame. Usumba hautumii maji mengi, wala hauna ule ugonjwa wa mnyauko unaoishi ardhini na kuangamiza nyanya. Lakini yafaa ieleweke, na hasa kwa watendaji wanaoidhinisha fedha, kwamba usumba hauna chakula. Udongo humsitiri mkulima asiyejua, usumba haumsitiri. Kila kitu mmea unachokula hupitia katika maji, na kila ubaya uliomo katika maji huufikia mzizi siku hiyo hiyo.

Je, maji ya Singida yakoje? Aliyefika mjini Singida ameyaona maziwa mawili, Singidani na Kindai, na wala hakuna anayechota humo maji ya kunywa, kwa kuwa ni ya chumvi na magadi. Mito ya sehemu ile haifiki baharini. Maji huishia katika mabonde, jua likayakausha na chumvi ikabaki. Visima navyo, katika sehemu kadhaa za mkoa, vina madini ya floraidi yanayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia na yakizidi hudhuru mifupa. Mwaka 1974 Serikali ililazimika kuweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, wakati Shirika la Afya Duniani linataka zisizidi 1.5.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Maji yenye floraidi nyingi kwa kawaida huwa na kalsiamu chache na sodiamu nyingi, kwa sababu kalsiamu ikikutana na floraidi hushikamana nayo na kutuama. Nao usumba uliolala baharini umeshiba sodiamu. Tabia ya usumba ni kuing'ang'ania kalsiamu na magnesiamu inayopewa, na badala yake kuachia sodiamu na potasiamu iliyokuwa nayo. Kwa hiyo makumbi ya pwani yasiyooshwa, yakinyweshwa maji ya kisima cha namna hiyo, humnyima mmea kalsiamu mara mbili: maji hayana, na kilichopo kimemezwa na usumba. Nyanya huoza kitako. Mkulima hudhani ni ugonjwa, akanunua dawa.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeeleza kwamba maji ya kumwagilia yenye chumvi chini ya 0.7, kwa kipimo cha desisimensi kwa mita, hayana tatizo, kutoka 0.7 hadi 3 yanataka uangalifu. Kuzidi 3 ni ya hatari. Mbolea nayo ni chumvi. Chakula cha nyanya katika usumba hufikia kiasi cha 2 au zaidi kidogo, maji na mbolea vikiwa pamoja. Kisima chenye 1.5 ni mchukuzi aliyekwisha kujitwika: ukimwongeza mzigo wote wa mbolea ataanguka, na ukimpunguzia, mmea utalala njaa.

Dawa ipo, na si ya ajabu. Usumba uoshwe kwa maji baridi hadi kipimo kionyeshe chumvi imetoka, kisha ulowekwe katika naitreti ya kalsiamu usiku mmoja na kusuuzwa. Mbolea hiyo isichanganywe ikiwa nzito na zenye salfeti au fosfeti, kwani zitagandana na kutuama chini ya pipa. Kila unyweshaji uache sehemu ya maji itoke chini na kubeba chumvi. Na mvua ivunwe: paa la mita 50 za mraba, katika mwaka wa milimita 600, hupokea lita 30,000, na hata ikipotea sehemu ya tano zitabaki 24,000 za maji matamu ya kuchanganyia yale ya kisima.

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vijana wakikopeshwa kitalu nyumba kabla kisima hakijapimwa, deni litabaki na nyanya hazitakuwapo. Bodi ya Maji Bonde la Kati ina makao yake Singida penyewe. Hapana sababu ya karatasi ya vipimo kukosekana katika faili la maombi. Tunataka iwe ya kwanza, kabla ya muhtasari wa kikao.

Kwa upande wa Visiwani, anayetaka kuuza unga wa makumbi Bara na ayaroweke makumbi yake katika maji baridi, au auoshe unga mwenyewe kabla ya kuushindilia. Kilomita zipatazo 700 kutoka Dar es Salaam hadi Singida ni safari ndefu mno kuisafirishia chumvi mkoa unaoyo tele.