Uvimbe wa ubongo usio saratani: kalamu ya daktari inavyoamua safari ya mgonjwa

Ndugu wakiambiwa kwamba uvimbe uliopo kichwani mwa mgonjwa wao si saratani, wengi hushusha pumzi na kusema, "Afadhali." Wana sababu. Uvimbe wa aina hiyo kwa kawaida hukua polepole na hausambai kwenda viungo vingine. Lakini fuvu ni mfupa usiotanuka, na chochote kinachoota ndani yake hujipatia nafasi kwa kuubana ubongo, mishipa ya fahamu au njia za maji ya ubongo. Ndiyo maana uvimbe usio saratani unaweza kuleta kifafa, upofu, uziwi, kupooza na hata kifo, kutegemea mahali ulipoota.

Kwa miaka mingi hatari hiyo haikuonekana kwenye hesabu rasmi. Nchini Marekani, sheria iliyoanzisha mpango wa taifa wa rejista za saratani ililenga saratani, hivyo wagonjwa wenye uvimbe wa kawaida wa ubongo hawakulazimika kuhesabiwa. Oktoba 2002, Rais George W. Bush alitia saini sheria namba 107-260, iliyozitaka rejista hizo ziandikishe pia uvimbe usio saratani wa ubongo, utando wake, uti wa mgongo, mishipa ya fahamu ya kichwa na tezi zilizo ndani ya fuvu. Uandikishaji ulianza kwa wagonjwa waliogunduliwa kuanzia Januari 1, 2004.

Takwimu za miaka ya karibuni nchini humo zinaonyesha kuwa zaidi ya theluthi mbili ya uvimbe unaoanzia kwenye ubongo na mfumo mkuu wa fahamu si saratani. Unaoongoza ni meninjioma, uvimbe wa utando unaoufunika ubongo, ambao huwapata zaidi wanawake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa waliokuwa wakipotea ni wagonjwa.

Kutoka faili hadi msimbo

Daftari lenyewe huandikwa kwa misimbo. Shirika la Afya Duniani, WHO, lina orodha ya kimataifa ya magonjwa, ambayo toleo lake la kumi, ICD-10, lingali linatumika katika nchi nyingi ingawa la kumi na moja lilianza rasmi Januari 1, 2022. Katika ICD-10, saratani hubeba herufi C na uvimbe usio saratani hubeba herufi D.

Tarakimu zinazofuata hutaja mahali. D32.0 ni uvimbe wa utando wa ubongo, na D32.1 ni wa utando wa uti wa mgongo. D33.0 ni uvimbe wa sehemu ya juu ya ubongo na D33.1 ni wa sehemu ya chini, uliko ubongo mdogo. D33.3 ni wa mishipa ya fahamu ya kichwa, kama ule unaoota kwenye mshipa wa kusikia, na D35.2 ni wa tezi ya pituitari. Tezi hiyo ikiwa inamwaga homoni kupita kiasi, huongezwa msimbo wa pili: E22.0 kwa mgonjwa ambaye mikono, miguu na taya vinazidi kukua, au E22.1 kwa aliyezidiwa na homoni ya prolaktini.

Anayechagua msimbo ni mtaalamu wa kumbukumbu za afya, na huyu haruhusiwi kukisia. Daktari akiandika "meninjioma" bila kusema ni ya kichwani au ya mgongoni, msimbo unaobaki ni D32.9, yaani mahali hapakutajwa. Ripoti ya picha ikisema tu kuna kitu kimechukua nafasi ndani ya fuvu, msimbo ni R90.0, ambao hautaji ugonjwa wowote. Unasema tu kwamba picha imeonyesha kitu.

Jibu la maabara

Picha ya MRI humpa daktari dalili nzuri ya aina ya uvimbe, lakini uthibitisho hutoka maabara, kipande kinapochunguzwa kwa darubini. Rejista za saratani hutumia orodha nyingine ya WHO, ambayo kila jina la uvimbe lina namba yenye mkwaju, na tarakimu iliyo baada ya mkwaju hueleza tabia yake. Meninjioma ya kawaida ni 9530/0, isiyo saratani. Ile ambayo chembe zake zimeanza kubadilika ni 9539/1, na iliyokwisha kuwa saratani ni 9530/3. Tofauti hiyo ya tarakimu moja humhamisha mgonjwa kutoka D32 kwenda D42, au hadi C70 ya saratani.

Hapa ndipo kosa moja hujirudia. Toleo la ICD-10 linalotumika Marekani hutenganisha uvimbe ambao maabara imeuchunguza na kushindwa kuutabiri, ambao huingia D43 ukiwa wa ubongo, na ule ambao haujajulikana bado kwa sababu majibu hayajatoka, ambao huingia D49.6. Asiye makini huandika D43 kwa mgonjwa anayesubiri majibu. Toleo la WHO limeyaweka mambo hayo mawili katika kundi moja, kwa hiyo mahali linapotumika, maneno ya daktari ndiyo pekee yanayoweza kuonyesha kama maabara imeshindwa kuamua au haijajibu.

Baada ya upasuaji

Uvimbe wa utando hauondoki wote kila mara. Ukiwa umeshikamana na mshipa mkubwa wa damu, daktari anaweza kuacha sehemu yake kwa usalama wa mgonjwa. Mwaka 1957, daktari Donald Simpson alipanga ngazi tano za kueleza ni kiasi gani cha meninjioma kimeondolewa, na hadi leo madaktari wa upasuaji wa ubongo huzitumia.

Ngazi hiyo ina uzito kwenye faili. Sehemu ikibaki, ugonjwa ungalipo na msimbo wake ni uleule wa D. Ukiondolewa wote na tiba ikakamilika, mgonjwa huhamia kundi la waliowahi kuugua. Akiandikwa huko wakati sehemu imebaki, kwenye kumbukumbu ataonekana amepona, na picha za ufuatiliaji anazozihitaji kwa miaka zinaweza kusahaulika au kuhojiwa na bima.

Mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani aangalie mambo manne kwenye muhtasari wake: mahali penyewe ulipokuwa uvimbe, pamoja na upande wa kulia au kushoto ambao msimbo hautaji, jina na daraja la uvimbe kama maabara ilivyoandika, kiasi kilichoondolewa, na tarehe ya picha inayofuata. Likikosekana mojawapo, amuulize daktari kabla hajatoka wodini. Anayelipokea faili baadaye hana ruhusa ya kujaza kile ambacho daktari hakukiandika.