Mbaraka Mwinshehe: Volkano Iliyozimika Mapema

Hapa Ronge, katika milima ya Taita, nimewaona vijana wakijifunza gitaa la kuazima kwa kufuatisha nyimbo za hayati Mbaraka Mwinshehe. Chuo cha muziki hawana, na wazazi wengine huwaita wahuni. Wapenzi wasomaji, Mbaraka naye ujuzi wake aliupata ndani ya bendi.

Alizaliwa mwaka 1944 huko Mzenga, mkoa wa Pwani, Tanzania. Akiwa na Morogoro Jazz alivuma kwa kupiga solo, kutunga na kuimba. Mwaka 1970 bendi hiyo ilialikwa Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Miaka mitatu baadaye aliunda bendi yake, Super Volcano.

Sisi Wakenya tulimfanya wetu. "Shida", wimbo uliouzwa sana, aliurekodi Nairobi. Na ni Kenya hii hii mauti yalimkuta: Januari 1979 alipata ajali ya gari Mombasa, akafariki akiwa na miaka 34 tu.

Kifo ni amri ya Mungu. Linalonisikitisha mimi ni kwamba Super Volcano haikudumu baada yake. Wahenga walisema, mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba.

Basi wazazi wa Ronge, msiwavunje moyo watoto hawa. Nanyi vijana, anayejua afundishe mwenzake mapema. Mbaraka alidhani ana muda.