Mbegu ya Kaya Kinondo

Wapwa zangu, sogeeni. Leo twendeni Kaya Kinondo, kusini mwa Diani, pwani ya Kenya. Ni msitu mtakatifu wa Wadigo, jamii mojawapo ya Wamijikenda, wa karibu hekta 30, ulioota juu ya mawe ya matumbawe, jirani na bahari.

Kabla ya kuingia, kila mgeni hujifunga kaniki nyeusi kiunoni. Kofia huvuliwa. Kelele huachwa nje.

"Mjomba, kwani humo mna nini?"

Umeuliza vyema, mpwa wangu. Kuuliza si ujinga! Hapo kale wazee wa Kimijikenda walijenga vijiji, viitwavyo kaya, ndani ya misitu ya namna hii. Miti ikawa ngome yao, adui asiwaone. Baadaye watu wakahamia nje, wakalima na kujenga huko. Makaburi yakabaki. Mahali pa kuomba mvua na heri pakabaki. Na msitu ukabaki, kwa kuwa wazee wa kaya walikataza mtu asichukue kitu.

"Hata jani?"

Hata jani.

"Hata ukuni mkavu?"

Hata ukuni mkavu.

"Na mbegu moja je, Mjomba?"

Ahaa! Najua unaiwaza mbegu ya mbambakofi. Ganda lake likikauka hupasuka, na mbegu huanguka: nyeusi, inang'aa, ina kofia nyekundu. Wageni wote wamevua kofia, yeye tu hakuvua! Unainama umwokote. Naye anasema:

"Usinitie mfukoni. Mfukoni nitakuwa pambo. Niache hapa. Masika ikinyesha nitaota. Kiangazi kikija nitavumilia. Vuli ikirudi nitachipua tena. Ukija na wajukuu zako, utanikuta na kivuli."

"Lakini Mjomba, mbegu ni nyingi!"

Ni nyingi, kweli. Sasa weka chungu cha wali barazani. Kila apitaye ale tonge moja, moja tu. Wa mwisho atakuta nini? Ukoko! Ndiyo maana wazee walikataza hata hilo tonge moja.

"Na kwingine wanafanya hivi?"

Swali zuri sana! Japani nako mahali pa ibada pana miti yake. Pale Tokyo kuna hekalu la Meiji Jingu, lililofunguliwa mwaka 1920. Watu wa nchi nzima walitoa miti ipatayo 100,000, wakapanda msitu kulizunguka. Wao waliupanda wenyewe. Sisi tuliukuta, tukaulinda.

Na dunia imeliona hilo. Mwaka 2008 UNESCO iliziweka baadhi ya kaya za Mijikenda, Kinondo ikiwamo, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini kabla ya orodha hiyo, walinzi wa kaya walikuwa wazee na neno lao: usichukue.

Basi wapwa zangu, mkifika Kinondo, tazameni sana, ulizeni sana, kisha mtoke mikono mitupu.