Kabla ya kumnunua bata bukini, ijue hasira yake

MFANYABIASHARA wa Kariakoo aliyezoea kununua kuku wa kienyeji katika soko la Kisutu au kule Shekilango huweza siku moja kukuta, katikati ya matenga ya kuku, shingo ndefu imechomoza na jicho moja linamkodolea. Huyo ni bata bukini. Akisogea karibu, ndege huyo huinamisha shingo hadi karibu na ardhi, hufungua mdomo na kupuliza kama nyoka.

Wengi hucheka na kurudi nyuma. Wachache hutoa fedha papo hapo kwa sababu ya ukali huo huo, wakiamini wamepata mlinzi wa ua asiyedai mshahara mwisho wa mwezi.

Matatizo huanza nyumbani. Bukini anamng'ata mtoto wa mpangaji, anamzuia muuza maji mlangoni, anapiga kelele alfajiri hadi jirani anagonga ukuta. Wakati huo huo humruhusu kijana wa guta, anayefika kila siku, apite na mzigo bila hata kugeuza shingo. Mwenye ndege huona amenunua kichaa, humpeleka kwenye sufuria au humrudisha sokoni kwa bei ya hasara.

Kumbe ndege hana kosa. Anayefuga kuku 200 hahitaji kujua nani kati yao ni mpole na nani ni mkorofi. Hesabu yake ni pumba, chanjo na mayai. Bukini hafugwi kwa hesabu hiyo. Jike hutaga mayai kati ya 30 na 50 kwa mwaka, wakati kuku wa kisasa wa mayai hufika 250 au zaidi. Mtu wa mjini anayemnunua bukini kwa hakika ananunua tabia, na tabia hiyo ina kanuni zake.

Si wote wa kabila moja

Jina lenyewe hupotosha. Bukini ni jina la zamani la Kiswahili la kisiwa cha Madagaska, lakini asili ya ndege hawa haiko huko. Bukini wanaofugwa duniani wametokana na jamii mbili za mwituni: moja ya Ulaya na nyingine ya mashariki ya Asia. Wenye asili ya Asia hutambulika kwa nundu juu ya mdomo, pale unapokutana na paji la uso.

Tofauti hiyo ina maana kwa mnunuzi. Aina ya Kichina, wenye miili myembamba na shingo iliyosimama, ndio wapiga kelele wakubwa kuliko wote na ndio wepesi wa kushtuka. Aina za Ulaya zenye miili mizito, kama Toulouse ya Ufaransa, kwa kawaida ni tulivu zaidi. Wengi wanaouzwa Dar es Salaam ni machotara, hivyo nundu na umbo la mwili humsaidia mnunuzi kukisia tu, wala havitoi hakika.

Hata ndani ya kundi moja, kila ndege ana tabia yake. Yupo anayetangulia mbele kila mlango unapofunguliwa, yupo anayejificha nyuma ya wenzake maisha yake yote, na yupo jike mpole kiasi cha kula mkononi ambaye akianza kuatamia hata mwenye nyumba hamsogelei. Mfugaji anayekaa nao kwa mwezi mmoja tu hawezi kuwachanganya.

Saa za kwanza za maisha

Tabia ya bukini huanza kujengwa mara anapotoka kwenye yai. Mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, Konrad Lorenz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alijulikana duniani kwa kuonyesha kuwa vifaranga wa bukini wakimwona binadamu kwanza badala ya mama yao, humfuata yeye kila aendako na kumhesabu kuwa ndiye mzazi.

Hapo wafugaji wengi hunaswa. Mtu hununua kifaranga mmoja kwa ajili ya watoto, humlea sebuleni, humbeba, humlisha kwa mkono. Kwa miezi kadhaa hakuna kiumbe mpole kama huyo. Kisha anapevuka. Kama ni dume, hajawahi kumwogopa binadamu na wala hajui kuwa yeye ni bata. Binadamu mmoja humchukulia kama mke, na wengine wote kama madume wanaomwingilia. Madume wakali kupita kiasi mara nyingi ni hawa waliolelewa peke yao kwa mapenzi mengi.

Wanaolelewa wawili au zaidi, huku mtu akiwatembelea kila siku kwa chakula na maji, huwa wazoefu kwa binadamu bila kujisahau kuwa wao ni ndege. Tofauti ya gharama ni kifaranga mmoja wa ziada.

Kwa anayetaka kuangulisha mwenyewe, yai la bukini huchukua siku 28 hadi 34. Bata wa kawaida wa mitaani, yule mwenye uso mwekundu wenye vinundu, huatamia mayai yake kwa siku 35, hivyo ana subira ya kutosha kukaa juu ya mayai ya bukini. Kuku anaweza kupewa mayai manne au matano, lakini ni mazito kwake kuyageuza. Mfugaji inabidi ayageuze kwa mkono kila siku.

Dume na mke wake

Ukali mwingi unaolalamikiwa ni wa dume mwenye mke anayetaga au kuatamia. Bukini hujenga ndoa. Dume mmoja anaweza kuwa na majike wawili hadi watano, lakini mara nyingi huwa na mmoja anayempenda zaidi, na uhusiano huo unaweza kudumu maisha yote. Maisha yenyewe si mafupi: bukini aliyetunzwa vizuri hufikisha miaka 15 hadi 20 na hata kuzidi.

Akimfukuza adui, dume hurudi mbio kwa mke wake shingo ikiwa imenyooka, na wote wawili hupiga kelele pamoja kama wanaosherehekea ushindi. Lorenz aliichunguza sana sherehe hiyo na kuiona kuwa ndiyo inayofunga ndoa yao. Kwa mwenye nyumba maana yake ni nyepesi: kila mtoto anayekimbia akilia amempa dume sababu nyingine ya kujisifu kwa mkewe, na kesho atarudia.

Kwa hiyo kukimbia ni kosa la kwanza. Kumpiga fimbo ni kosa la pili, kwa kuwa bukini huwatambua watu na hukumbuka aliyemtendea ubaya. Inayofaa ni kusimama wima, kunyoosha mikono pembeni ili uonekane mpana, na kumsogelea taratibu hadi yeye aondoke. Aking'ang'ania, hushikwa shingo polepole chini ya kichwa, mabawa yakabanwa kwenye mwili, kisha hubebwa kwapani kichwa kikiwa kimeelekea nyuma hadi atulie. Asiachiwe akiwa bado anapigana.

Watoto wadogo wasiachwe naye peke yao katika msimu wa kutaga. Mdomo huacha alama, lakini kinachoumiza zaidi ni pigo la bawa.

Akifiwa na mwenzake, bukini huweza kuzubaa, kupunguza kula na kuita kwa siku nyingi. Wapo wanaokubali mwenzi mpya baada ya muda, na wapo wanaokataa.

Uani kwa Kariakoo

Nyumba za zamani za Kariakoo, zenye korido katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, zinazidi kupungua mbele ya maghorofa. Zile zilizobaki zina ua mdogo unaotumiwa na wapangaji wote kwa kupikia, kufulia na wakati mwingine kuhifadhi marobota ya mitumba. Bukini akiingia hapo, baada ya wiki chache huwa amewagawa wapangaji katika makundi. Anayemrushia majani ya mchicha ni ndugu. Anayefagia na kumsukuma kwa fagio ni adui, hata kama ndiye mwenye nyumba.

Kwa upande wa chakula, jirani na soko ni mahali pazuri. Bukini ni mla majani, na kabichi, mchicha na matembele yanayoachwa na wauza mboga jioni humfaa sana. Hahitaji bwawa, ila beseni lenye kina cha kuzamisha kichwa kizima ili asafishe macho na pua. Maji hayo yatachafuka ndani ya dakika chache, na ua utalowa. Anayechukia matope asifuge bukini.

Hatari iko katika udadisi wake. Bukini huonja kila kitu kwa mdomo, na ua wa Kariakoo umejaa kamba za plastiki za marobota, misumari, vipande vya waya na vizibo. Hivyo humezwa na kuua polepole. Hatari nyingine ni pumba au mashudu yenye ukungu. Jamii ya bata, hasa vifaranga, hudhurika haraka na sumukuvu, ile ile iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Pumba iliyolowa na kukaushwa tena haiwi salama.

Anayechanganya bukini na kuku ajue pia kuwa bukini anaweza kubeba virusi vya mdondo bila kuonyesha dalili. Kuku wachanjwe kwanza, na bukini mgeni atengwe wiki mbili hadi tatu. Kirusi cha mafua ya ndege aina ya H5N1 kilichotia dunia hofu kilitambuliwa mwaka 1996 kwa bukini katika jimbo la Guangdong, China, hivyo vifo vya ghafla si jambo la kunyamazia.

Mlinzi wa wapi?

Sifa ya ulinzi si ya kubuni. Waandishi wa kale wa Roma wanasimulia kuwa karibu mwaka 390 kabla ya Kristo, bukini waliwaamsha askari wakati adui alipopanda kilima usiku na mbwa wakiwa kimya. Huko Dumbarton, Scotland, kampuni ya Ballantine's ilitumia bukini kulinda maghala ya wiski kuanzia mwaka 1959 hadi 2012. Mwaka 2023 gereza moja katika jimbo la Santa Catarina, Brazil, liliwaweka mahali pa mbwa.

Lakini gereza lile liliwaweka wapi? Kati ya uzio wa ndani na ukuta wa nje, mahali ambapo hakuna mtu mwenye ruhusa ya kupita. Kila anayeonekana hapo ni mgeni, na kila kelele ina maana.

Hapo ndipo hesabu ya Kariakoo inapokuwa ngumu. Ua unaofunguka kuelekea Msimbazi au Congo hupitiwa na sura mpya tangu alfajiri: wapagazi, wateja wa mikoani, mafundi, mama lishe. Bukini aliyewekwa hapo mchana kutwa huishia katika moja ya hali mbili. Ama huzoea wageni, na usiku mwizi akija atapuuzwa kama kuli mwingine, ama hazoei kabisa, akapiga kelele saa zote hadi hakuna anayeamka kumsikiliza. Anayefaa ni yule anayefungiwa mchana sehemu yenye kivuli na utulivu, kisha kufunguliwa usiku ndani ya ua ambao milango yake imefungwa.

Tena, kazi yake inaishia kwenye kelele. Hamkamati mtu. Pasipo mlinzi au mpangaji wa kuamka, mwizi ataondoka na robota, na bukini chini ya kwapa. Desemba inapokaribia, mlinzi huyu mwenyewe huhitaji kulindwa.

Kelele hizo hizo ndizo zinazoweza kumfikisha mfugaji ofisini. Kariakoo iko katika Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo hadi mwaka 2021 ilikuwa Manispaa ya Ilala. Ofisa mifugo wa kata aulizwe mapema kuhusu masharti ya kufuga mjini, na majirani waulizwe kabla yake.

Sokoni

Mnunuzi aende asubuhi, kabla jua halijawa kali na ndege hawajachoka, na asimame mbali kidogo na tenga kwa dakika kumi. Anayepuliza na kurudi nyuma kwa wenzake ni mwoga wa kawaida, huyo hufugika. Anayekuja mbele peke yake dhidi ya kila mtu, bila hata mwenzake wa kumtetea, yawezekana alilelewa sebuleni, na anayemuuza anaijua sababu.

Kisha asikilize. Wawili waliozoeana, wakiwekwa katika matenga tofauti, huitana bila kuchoka, hata katikati ya kelele za majogoo. Muuzaji atapenda kumuuza mmoja leo na mwingine kesho. Hapo ndipo pa kuanza kuzungumza bei ya wawili.