Ugiriki: Jinsi waigizaji walivyopigania lugha, sauti na uhuru

Ukitaja maigizo ya Ugiriki, wengi hukumbuka mambo ya kale: watunzi kama Sophocles na Aeschylus, na viwanja vya mawe vilivyojaa watu zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Lakini waigizaji wa Ugiriki ya leo hawakurithi kazi hiyo moja kwa moja kutoka kwa mababu zao. Katikati kulikuwa na pengo la karne nyingi, na ilibidi waanze upya.

Makala hii inaeleza walivyoanza, na kwa nini kazi ya kusimama jukwaani iliwagharimu baadhi yao uhuru, na hata uhai.

Walianzia ugenini

Kwa karne kadhaa sehemu kubwa ya Ugiriki ilikuwa chini ya dola ya Waturuki wa Osmania. Mwanzoni mwa karne ya 19, Wagiriki waliokuwa wakiishi nje, katika miji kama Odessa na Bucharest, walianza kucheza michezo ya kuigiza kwa Kigiriki. Hawakuwa waigizaji wa kazi. Wengi walikuwa vijana wasomi na watu wa biashara. Michezo yao ilikuwa na ujumbe mmoja: tujikomboe. Vita vya uhuru vilianza mwaka 1821.

Baada ya uhuru, Athens ikawa makao makuu mwaka 1834. Taratibu vikatokea vikundi vya waigizaji wanaoishi kwa kazi hiyo. Vingi vilikuwa vya kutembea, kutoka mji hadi mji na kijiji hadi kijiji. Kikundi kikifika kijijini, mgahawa wa kahawa uligeuzwa ukumbi. Mara nyingi walikuwa watu wa familia moja: baba, mama na watoto, wote waigizaji. Hapakuwa na chuo. Mtoto alijifunza kwa kuwatazama wazazi wake.

Vurugu kwa sababu ya lugha

Wagiriki walikuwa na lugha mbili ndani ya lugha moja. Kulikuwa na Kigiriki kilichosafishwa ili kifanane na cha kale, kilichotumika serikalini na kwa wasomi. Na kulikuwa na Kigiriki cha kila siku, cha sokoni na shambani. Ni kama redio isome taarifa ya habari kwa Kiswahili cha tenzi za kale, halafu msikilizaji alaumiwe kwa kutoelewa.

Sasa mwigizaji aseme kwa lugha ipi? Mwaka 1903 ukumbi wa kifalme wa Athens, uliofunguliwa mwaka 1901, ulionyesha tamthilia za Aeschylus zikiwa zimetafsiriwa kwa Kigiriki kilicho karibu zaidi na cha watu. Wanafunzi wa chuo kikuu waliingia barabarani kupinga, wakidai urithi wa mababu unachafuliwa. Askari wakaitwa, na damu ikamwagika. Kulikuwa na vifo, na chanzo ni maneno yaliyotoka midomoni mwa waigizaji. Hata hivyo, miaka ilivyokwenda, lugha ya watu ndiyo iliyoshinda jukwaani.

Malkia wawili wa jukwaa

Katika miaka hiyo walitokea wanawake wawili waliopendwa mno: Marika Kotopouli, aliyezaliwa na wazazi waigizaji, na Kyveli, aliyeanzia kwenye kikundi cha Konstantinos Christomanos kilichoitwa Jukwaa Jipya. Ushindani wao uligawa watazamaji kama ushindani wa timu mbili za mpira. Ulichanganyika pia na siasa: wafuasi wa mfalme walimshangilia Kotopouli, na wafuasi wa mwanasiasa Eleftherios Venizelos walikuwa upande wa Kyveli.

Shule mbili za uigizaji

Mwaka 1932 Ukumbi wa Taifa ulifunguliwa Athens, na mwongozaji wake wa kwanza alikuwa Fotos Politis. Hapo kazi ikawa na nidhamu mpya: mazoezi ya muda mrefu, sauti iliyofunzwa, na kwaya inayosema na kutembea kwa pamoja. Mwaka 1938 mwongozaji Dimitris Rondiris alipeleka tamthilia ya *Electra* kwenye kiwanja cha kale cha Epidaurus, Katina Paxinou akiwa mhusika mkuu. Kiwanja hicho huchukua watu zaidi ya 10,000 na kipo wazi chini ya anga. Mwigizaji wa wakati huo alitegemea pumzi yake na namna mawe yanavyorudisha sauti. Baadaye Paxinou alikwenda Marekani na kushinda tuzo ya Oscar kwa filamu ya mwaka 1943.

Shule ya pili ni ya Karolos Koun. Mwaka 1942, nchi ikiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani na washirika wake, na watu wakiwa na njaa, alianzisha kikundi kilichoitwa Ukumbi wa Sanaa. Yeye hakutaka sauti kubwa za kujionyesha. Alitaka mwigizaji atafute ukweli wa mhusika kutoka ndani yake. Mwaka 1954 alihamia chini ya jengo, mahali padogo ambapo watazamaji walikaa karibu kabisa na waigizaji.

Vita, jela na uhamisho

Wakati huohuo wa vita, mwandishi Vasilis Rotas aliongoza vijana walioigiza kwenye vijiji vya milimani katika maeneo ya wapiganaji wa ukombozi. Wanakijiji wengi hawakuwahi kuona jukwaa.

Lakini vita vilileta pia msiba. Eleni Papadaki, mmoja wa waigizaji wakubwa wa Ukumbi wa Taifa, alituhumiwa kuwa karibu na waliotawala kwa niaba ya Wajerumani. Chama cha waigizaji kilimfukuza. Desemba 1944, mapigano yakiendelea Athens, wanamgambo wa mrengo wa kushoto walimkamata na kumuua. Baadaye ilielezwa kwamba alitumia ukaribu huo kuokoa watu waliokuwa hatarini.

Mwaka 1967 wanajeshi walipindua serikali. Kila mchezo ulilazimika kupita kwa wakaguzi. Melina Mercouri, aliyepinga utawala huo akiwa nje, alinyang'anywa uraia. Mwaka 1973 Jenny Karezi na mumewe Kostas Kazakos walionyesha mchezo wa Iakovos Kambanellis uitwao *Sarakasi Yetu Kubwa*. Ulizungumzia historia ya Ugiriki kwa vichekesho na nyimbo, lakini kila mtazamaji alielewa anayesemwa ni nani. Walikamatwa. Mwaka uliofuata utawala wa kijeshi ukaanguka, na mwaka 1981 Mercouri akawa waziri wa utamaduni.

Hadi leo

Tangu mwaka 1985 Theodoros Terzopoulos na kikundi chake cha Attis wamefundisha uigizaji unaoanzia mwilini: pumzi, misuli na ustahimilivu. Na kila kiangazi watu bado hujaa Epidaurus.

Swali la mwaka 1903 linatuhusu na sisi pia. Kikundi cha maigizo cha kijijini kwako kinatumia lugha gani: ile mnayozungumza nyumbani, au ile mnayodhani ndiyo ya wakubwa?