Kabla ya Kununua Mtumbwi wa Mbao, Kagua Viungo

Mbao nyingi zinazouzwa nchini huwa na urefu wa futi 12, ilhali mtumbwi wa kuvulia mara nyingi huzidi hapo. Mvuvi wa Ziwa Basotu wilayani Hanang' au Ziwa Tlawi wilayani Mbulu anapoagiza chombo, fundi hulazimika kuunga mbao ncha kwa ncha. Kuunga si kosa. Hatari ni kiungo dhaifu, kwani kikifumuka katikati ya ziwa, maisha huwa hatarini.

Kwa nini mshazari?

Ubao ni mkusanyiko wa nyuzi ndefu. Ncha iliyokatwa wima huacha midomo ya nyuzi wazi, nayo hufyonza gundi kabla haijashika. Fundi stadi hukata ncha zote mbili kwa mshazari na kuzilaza moja juu ya nyingine, ili nyuzi zigusane ubavu kwa ubavu.

Mambo ya kukagua

1. Urefu wa mshazari usipungue mara 8 ya unene wa ubao. Ubao wa sentimita 2 unahitaji mshazari wa sentimita 16 au zaidi.

2. Gundi iwe ya kuhimili maji, kama epoksi. Gundi nyeupe ya samani za ndani hulainika ikiloa.

3. Viungo vya mbao zinazopakana visikae kwenye mstari mmoja.

4. Ncha zilizokatwa wima ziimarishwe kwa ndani na kibao kilichopigiliwa pande zote mbili kwa misumari isiyoshika kutu.

Fanya ukaguzi kabla mbao hazijapigiliwa na kupakwa rangi, kwa kuwa rangi huficha kasoro. Mwombe fundi kiungo cha majaribio. Kiloweke usiku kucha, kisha kivunje. Kikipasuka kwenye mti, gundi imeshika. Kikiachia kwenye gundi, usikipokee chombo hicho.

Haki yako

Tunakushauri uandikiane mkataba na fundi kabla ya malipo ya awali, ukitaja aina ya mbao, gundi na kiungo. Dai risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya bidhaa isiyofaa kwa matumizi yaliyokusudiwa. Ukiwa na malalamiko, usikitengeneze chombo kwanza. Kipige picha, kisha utuletee pamoja na mkataba na risiti.